Sufuria Ilivyokishinda Kisu

Jirani yetu pale Kaloleni, Mwislamu mmoja muuza vitambaa, alikuwa ameweka dukani televisheni ya mchezo wa kupigana angani. Unachagua chombo chako, unashika rimoti ya waya, unapambana na mwenzako. Majina ya vile vyombo yalikuwa ya Kizungu, na mimi shule niliiacha mapema, basi tulivibatiza wenyewe. Chembamba chenye mbio tukakiita Kisu. Kile kinene cha polepole, Sufuria. Kulikuwa na Nyuki pia, lakini hiyo ilikuwa ya watoto, tuiache.

Mimi nilikuwa mtu wa Kisu. Nilikuwa nimeendesha malori ya Mombasa mpaka Busia hadi tajiri akafunga kazi, kwa hivyo mbio nazijua. Kisu kina risasi kali, ila ngozi yake ni karatasi, kikiguswa kimekwisha. Sufuria utaipiga mpaka uchoke wewe. Aliyeichagua tulimcheka.

Sasa, siku hizo nilikuwa nimeitwa Industrial Area kuendesha lori kuukuu la vyuma chakavu. Lilitembea kama bibi harusi. Nikakataa. Nikasema nangoja lori la maana, na nikangoja mpaka chai ya nyumbani ikawa haina sukari.

Mama watoto akanifuata dukani, mikono bado ina unga wa chapati.

"Baba watoto, lile lori kesho wanampa mtu mwingine."

"Wampe. Si la saizi yangu."

Akaitazama televisheni. "Cha polepole ni kipi?"

"Sufuria!" vijana wakajibu, wakicheka.

"Nipeni hicho. Nikikushinda, kesho asubuhi unaenda."

"Mama, wewe cheza bure," mwenye duka akasema, akajisogeza karibu yangu. "Hii lazima niione."

Mama watoto akaificha Sufuria nyuma ya jiwe moja kubwa linaloelea, akatulia kama anayengoja maji yachemke. Nikaja mbio. Nikampiga, nikampiga tena. Sufuria ikatikisika tu. Kugeuka nimmalize, jiwe hili hapa mbele yangu! Mguu wa kulia ukakanyaga breki wenyewe.

Breki gani? Nilikanyaga mguu wa mwenye duka.

"Wallahi, dereva, umeniua!"

Kisu kikapasukia kwenye jiwe. Mama watoto hakuwa amefyatua hata risasi moja.

"Buda, mathe amekulima!" vijana wakapiga kelele.

"Hujanishinda," nikamwambia. "Nimejigonga mwenyewe."

"Lakini nani amebaki?" akaniuliza, akiweka rimoti chini. "Twende, unga unakauka."

Asubuhi nikaenda. Lori lilikuwa na taa moja, na mlango umefungwa kwa waya. Nikapanda, nikaliwasha, likakohoa weee mpaka likakubali. Nikalisogeza kidogo, nikakanyaga breki. Zikashika. Nikaanza kucheka peke yangu, msimamizi ananitazama kama nimelewa. Nikaweka gia ya kwanza, nikatoka getini polepole.