Mtamba wa Mahari Yangu

Kwetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa lakini anatarajiwa kuzaa huitwa mtamba. Akishindwa kabisa kushika mimba, hata fahali wabadilishwe, huyo ni tasa. Mtamba ni mali; tasa ni nyama tu. Sisi tuliokulia upande wa Isecheno tuliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Nilipoolewa Butere, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, katika mahari yangu kulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyetajwa mbele ya wazee wote kuwa mtamba. Pembe zake zilikuwa laini, bila zile pete zinazojichora kila ng'ombe anapozaa. Baba alimpokea, akashukuru, watu wakala obusuma, ugali wetu, na kuku, nami nikaenda zangu.

Mvua zikaja, zikapita, ndama hakuna. Ndipo baba akatuma ujumbe: mliniletea tasa mzee, leteni mwingine au mnirudishie binti yangu. Jamani, nilivyopandwa na hasira! Nilimwambia mume wangu kwamba ukoo wao ni wa walaghai. Aliapa kuwa walimnunua sokoni, na hata wao waliambiwa ni mtamba. Nikamwona mwongo tu. Mama mkwe alipoingilia, nilimjibu maneno ambayo mke hamjibu mama mkwe. Kisha nikamfunga mgongoni mtoto wetu wa kwanza, nikarudi kwetu. Baba yangu adanganywe, mimi nikae nikipika?

Nilimkuta zizini, na yule mwekundu amenenepa kupita kiasi. Nikamsimulia vita vyote nilivyompigania. Nikamuuliza wale watu walimwezaje, yeye anayejua umri wa ng'ombe kwa kumfunua mdomo tu.

"Nilimfunua siku ileile, mama," akasema. "Meno yalikuwa yamelika. Nilijua ni tasa."

"Na ukanyamaza?"

"Mtamba angenipa ndama. Huyu atanipa ng'ombe mwingine, tena siku nitakayotaka mimi."

Hakuona haya hata kidogo. Alisema taratibu, kama mzazi anayemfundisha mwanawe biashara. Moyo uliniuma, nao unaniuma hadi leo, maana nilikuwa nimeivunja nyumba yangu kwa ajili yake.

Nikamwambia narudi Butere jioni hiyohiyo kuomba msamaha. Akashika mlango wa zizi, akanikataza. Alisema wakwe zangu wataleta ng'ombe upesi zaidi mimi nikiwa kwake.