Kitone Kwenye Njia Panda

Juzi, katika ofisi moja ya ramani Kinondoni, nilimkuta nesi kutoka Mbagala amemsimamia mchoraji mbele ya kompyuta. Zahanati yao imepata dereva mpya wa gari la wagonjwa, mgeni wa jiji, na nesi alitaka achorewe njia ya kuwapeleka wajawazito hospitali. Mstari mwekundu ukatokea kiooni, ukazunguka Temeke nzima.

"We dada, mama si atajifungulia njiani! Mbona haukati kona hapa njia panda?"

"Kompyuta inasema hapa hapapitiki."

"Sasa mie asubuhi nimepita wapi, angani?"

Mchoraji akacheka, akaikuza ile njia panda. Barabara mbili zilipishana, lakini hazikuunganishwa. "Inadhani moja ni daraja juu ya nyingine," alisema, akabonyeza kitone cha kuziunganisha pale zilipokutana. Mstari ukakata kona, ukanyooka hadi hospitali. Nesi akashika mdomo.

Nimeona barabara nyingi zikifunguliwa kwa utepe, ngoma na hotuba ndefu. Hii ilifunguliwa kwa kidole, na wa kwanza kupita atakuwa mama mwenye uchungu.