Lami Juu ya Karavani

Mpaka leo nikipita barabara mpya inayonuka lami huwa nageuza uso pembeni, maana aibu iliyonipata kwa sababu ya lami sikuwahi kuipata tena, ila kwa kuwa ninyi ni watu wangu acha niwasimulie, mnicheke mmalize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara, Dodoma yetu ina vumbi na upepo kuliko maduka, na ghafla kila mtu ana biashara: karani anauza mitumba, mwalimu anafuga kuku wa kisasa, na mimi, mtu wa Tabora niliyeoa Ugogoni, nikashinda mnadani karavani, ile nyumba ndogo ya bati inayokokotwa na gari, ambayo wajenzi wa barabara waliiacha walipoondoka. Mke wangu Debora akaligeuza mgahawa wa supu na chapati. Jamani, tulivyolipenda! Lilikuwa na dirisha la kusukuma kwa juu, na mapazia yake.

Tatizo, mvua ya kwanza ilipopiga, maji yakaingia kwenye maungio ya bati kama yamealikwa. Debora akasema, "Baba Neema, nunua silikoni ya kuzibia nyufa, pale sokoni wanayo." Mimi huyo! Nikaenda nikaibonyeza, nikaiona laini kama dawa ya meno, nikarudi kumwambia, "Ile ni ya vioo. Lami inapitiwa na malori kila siku na haiendi popote, sembuse mvua?" Nikatafuta lami, nikailainisha kwa mafuta ya taa ili ipakike vizuri (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi), nikapaka paa, kona na ubavuni kote, kisha nikasimama mbali nikajisifu.

Sasa sikilizeni. Siku ya ufunguzi alikuja mama mkwe kutoka Haneti. Mama huyu hakuwahi kukanyaga kwangu tangu nimuoe binti yake, maana alitaka aolewe jirani, siyo na mtu wa mbali asiyejua hata kukamua ng'ombe, na alitanguliza ujumbe kwamba atasalimia tu na kurudi na basi la alasiri. Debora alitaka jambo moja: mama yake asimame, aibariki kazi yake mbele ya watu.

Jua lilikuwa lile la kwetu la baada ya mvua, linalowaka kama lina kisasi. Mama mkwe akawekewa kigoda kwenye kivuli cha karavani, akaegemea, kapendeza na kitenge kipya na kilemba. Mchungaji akasema, "Tusimame tuombe." Tukasimama wote. Mama mkwe akabaki amekaa.

Watu wakatazamana. Debora akachungulia dirishani, machozi yanamlengalenga. "Mama, hata leo?"

"Siyo hivyo mwanangu," akajibu taratibu. "Nimenata."

Lami ilikuwa imeyeyuka, imeteremka kimya kimya, imemshika mgongo mzima pamoja na kilemba. Na aliyekuwa karibu naye ni nani? Mimi, mkwe! (Mnajua mambo ya ukweni, mama mkwe haguswi, hata kumkazia macho ni utovu wa adabu.) Watu wanapiga kelele, "Mvute, baba!" nami nainua mikono, naishusha, nazunguka na kibakuli cha mafuta ya kupikia nisijue nimpe nani, mpaka Debora akatoka mbio akamvuta mama yake, kitenge kikachanika, kipande kikabaki ukutani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akajifunga khanga, akasema bila kunitazama, "Mkwe, kama ulitaka nilale kwako, si ungesema tu?"

Tulicheka, mchungaji naye akashindwa kuomba. Kisha yule mama akaweka mkono kichwani kwa Debora, akambariki kwa Kigogo, maneno marefu ambayo sikuyaelewa yote, na bado nililia. Basi la Haneti liliondoka yeye akiwa anasafishwa nywele kwa mafuta. Alikaa kwetu wiki nzima, akawa anaonja supu na kuikosoa.

Karavani tuliliuza zamani, na mama naye ametutoka. Nimeapa, kitu cha kukaa juani nakiziba kwa silikoni, na mke wangu akinishauri namsikiliza. Lakini yule mama namkumbuka mno, kwa sababu baada ya hapo alikuja mara chache tu, miguu ikamkatalia safari. Ningelijua hilo siku ile, ningepaka lami nyumba nzima.