Nilivyoitwa mwizi wa kabureta siku ya posa, petroli yenye spiriti ikaumbuka

Wakuu, heshima kwenu. Nyie mnaobishana humu kuhusu petroli yenye spiriti, sogeeni. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya shida, hata sabuni unapanga foleni. Nilikuwa fundi magari Nyasho, Musoma, na nimeposa binti wa kijiji cha Mugeta.

Baba yake mdogo alikuwa na Land Rover. Nikaisafisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, gari likaondoka linaunguruma safi. Wiki haijaisha, gari linazimikazimika.

Mzee akatangaza kijiji kizima kwamba nimeiba kabureta yake nikafunga mbovu.

Siku ya majibu ya posa, nafika na mshenga wangu, mzee kasimama mlangoni.

"Huyu ndiye mwizi! Sisi tunaozeshaga mabinti kwa wezi?"

Aisee, niliona aibu. Mshenga kainamisha kichwa, binti analia jikoni.

Nikauliza, "Baba, mafuta ulitoa wapi?"

"Yako safi! Pipa nililifukia mwenyewe zizini, chini ya samadi."

Msicheke. Enzi hizo pipa la petroli unalificha kuliko ng'ombe. Kumbe alilinunua kwa mlanguzi wa kule Kibara.

Nikaomba chupa mbili za soda. Kila moja nikatia maji ya vidole viwili, nikachora alama kwa msumari usawa wa maji.

Juu yake, moja nikajaza petroli ya pipa, nyingine petroli ya pikipiki ya katekista aliyekuja kushuhudia posa. Nikatikisa, nikaziacha zitulie.

Test yenyewe ni rahisi. Petroli na maji haviivi chungu kimoja, ila spiriti inaikimbia petroli na kuingia kwenye maji. Maji yakiongezeka, umeshajua petroli imechanganywa na spiriti, na hiyo ndiyo inayozimisha gari.

Chupa ya katekista, maji palepale kwenye alama.

Chupa ya mzee, yamepanda karibu kidole kizima!

Wakuu, nilivimba. Mzee hakuamini, akarudia test kwa mkono wake. Yakapanda tena.

Akaweka chupa chini, akasema mbele ya wote:

"Mwizi yuko Kibara, na hela zangu alichukua. Huyu ni mkwe wetu."

Vigelegele vilianzia jikoni.

Nilichojifunza: ukisingiziwa kazini, acha kelele, pima watu waone. Na gari likikohoa, angalia tenki kabla hujamtukana fundi.

Mafundi wenzangu, nani mwingine ameshaitwa mwizi kwa sababu ya mafuta ya mteja? Shusheni visa vyenu. Mke wangu yuko hapa pembeni, anataka kuwasoma.