Makochi ya Sebuleni kwa Fundi Enhe

Fundi Enhe hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ukianza kumweleza jambo lolote, hata la kuumwa jino, huinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, misumari imejaa mdomoni, na kusema, "Enhe?" Ukinyamaza, anasema tena. Watu walikwenda kwake kutengenezewa makochi wakajikuta wamesimulia talaka zao zote.

Kazi yake ni kuyavua makochi mikweche nguo za zamani na kuyavisha mpya. Raha yake kubwa ni ile dakika ya kubandua kitambaa aone kilichodumbukia ndani. Vitana, funguo, hereni moja moja, na siku moja meno ya bandia, ambayo aliyaweka juu ya meza akayatazama asubuhi nzima akijiuliza mwenye meno anatafunaje. Mkewe alimwambia ayarudishe. "Nitayarudisha," akasema, "lakini kwanza nataka kujua yalifikaje huku."

Sasa jambo moja mlijue mapema, maana ndilo lililowaponza. Kibanda chake cha kazi kinavuja. Kochi likishakamilika huwezi kuliacha pale linyeshewe, kwa hiyo huingizwa sebuleni kwake limsubiri mwenyewe. Na wenyewe si mnawajua? Wanasema kesho, wanakuja mwezi ujao. Basi sebule ile ilijaa makochi mwaka mzima, tena ya maana, leo ya kijani, baadaye ya maua, baadaye ya ngozi inayong'aa, na familia yenyewe haikuwa na hata stuli. Walikalia ya watu. Nyie mngefanya nini, mkae chini huku mmezungukwa na sponji mpya? Msinitazame hivyo.

Ila nyumba ile ilikuwa na sheria yake: mteja asijue. Mtu aliyelipia kochi jipya hataki kusikia kwamba kuna ukoo umeshalala juu yake na kutazama taarifa ya habari. Kwa hiyo mgeni asiyejulikana akiuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Ni ya kwetu." Binti yao alilijua jibu hilo kabla hajajua kuhesabu.

Binti huyo alikua, akasoma, akafaulu, akapata nafasi chuoni kusomea upimaji wa ardhi. Nyumba ilirindima kwa vigelegele. Halafu ikaja habari ya ada, vigelegele vikakatika. Wakaomba msaada wa masomo hapo hapo chuoni, wakangoja, na jibu likaja kwenye simu ya binti. Alilisoma kwa sauti, amesimama mlangoni: "Familia ina uwezo wa kujitegemea. Hakuna msaada."

"Uwezo gani?" akauliza Fundi.

"Sijui, baba. Ndivyo walivyoandika. Na nisipothibitisha nafasi kufikia Ijumaa ijayo, anapewa mwingine."

Mkewe alikaa kitako juu ya kochi la watu akashika tama. Mwingine angetukana serikali, chuo na majirani, alale. Fundi Enhe naye moyo ulimuuma, asiwadanganye mtu, lakini katikati ya maumivu yale kitu kilimwasha. Alitaka kujua. Huo uwezo wao uko wapi? Nani aliuona, na yeye mwenyewe mbona hajawahi kuuona?

Asubuhi akavaa shati lake la harusi yake na la harusi za wenzake, akaenda chuoni. Ofisi ya misaada ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la kioo, na nyuma ya kioo alikaa afisa mmoja, dada wa makamo mwenye mafua, kajifunga shali shingoni.

"Dada, shikamoo ya ugeni," Fundi akatania. "Nimeambiwa nina uwezo. Nimekuja unionyeshe."

Afisa akacheka, akapenga kamasi, akamtafutia faili. Lakini kabla hajalifungua alikuwa ameshaulizwa maswali ya nusu saa. Ruzuku na mkopo tofauti yake nini? Ruzuku hurudishi, mkopo unarudisha ukishapata kazi. Enhe? Na asiyepata kazi? Anasubiriwa. Enhe? Na ada lazima ilipwe yote kwa mkupuo? Hapana, kuna kulipa kwa awamu, ila uombe mwenyewe. Kwa nini niombe, mbona hamsemi? Tumesema, mzee wangu, imebandikwa hapo ukutani nyuma yako. Fundi akageuka. Kweli ilikuwa imebandikwa, tena kwa herufi kubwa. Akaisoma yote kwa sauti, pamoja na habari za kazi za vibarua maktaba kwa wanafunzi na vyumba vya kuchangia, na kwenye foleni nyuma yake mtu akasema, "Jamani, huyu baba ndiye anayeanza chuo?"

"Sasa niambie," akarudi dirishani, "mnamjuaje mwenye uwezo na asiye nao?"

"Tunakwenda nyumbani. Tunatazama paa, sakafu, vyombo, anakalia nini." Afisa akafungua faili. "Kwako nilikuja mwenyewe, wewe ulikuwa umekwenda kununua sponji. Nikakuta seti tatu za makochi, mpya kabisa, moja bado ina nailoni. Nikamuuliza mama, haya ni ya nani? Akanijibu ni ya kwetu. Na binti akaitikia. Sasa mimi nimbishie mwenye nyumba?"

Fundi alitoa macho. Halafu akaanza kucheka, akamweleza kwamba makochi yale ni ya mteja.

Nyumbani, mkewe alijipiga paja. "Haki ya Mungu, nilidhani katumwa na Mama Dawa! Mwanamke kaja na mkoba, hasemi katoka wapi, anachungulia makochi, anauliza ya nani, ningesemaje?"

Mama Dawa ni mwenye duka la dawa la barabara kubwa, na zile seti zote tatu zilikuwa zake. Ndiye mteja mkubwa kuliko wote, na ndiye aliyewaleta nusu ya wateja wengine. Ndiye pia aliyesema siku ya kuzileta, "Fundi, kochi langu asiliguse mtu, hata paka." Na afisa alikuwa ameeleza vizuri: rufaa ipo, atakuja tena Jumatano, lakini lazima mwenye makochi awepo na atamke mwenyewe kwamba ni yake.

"Usiende kwake," mkewe akasema. "Akijua, kazi imeisha. Mji mzima utajua."

"Mama asema kweli," binti akadakia, na macho yake yakawa mekundu. "Nitangoja mwaka mwingine, baba."

"Mwaka mwingine makochi yatakuwepo vile vile," akasema Fundi. "Utangoja mpaka uzeeke juu ya sponji."

Akapiga moyo konde akaenda. Njia nzima kile kitu kilikuwa kinamwasha: Mama Dawa atasemaje? Maana watu aliwajua kwa vitu vinavyodumbukia kwenye makochi yao, na la Mama Dawa la zamani alipolibandua hakukuta kitu. Hata pini.

Alimkuta dukani anahesabu vidonge kwa ncha ya kisu. Akamweleza yote bila kupindisha. Kisu kikasimama.

"Mmeyakalia?"

"Tumeyakalia."

"Seti zote tatu?"

"Moja ina nailoni. Hiyo tuliikalia pembeni tu."

Mama Dawa hakupandisha sauti. Alifunika kopo la vidonge, akafuta kisu. "Jumatano saa ngapi?" akauliza, akaambiwa, akamwita mteja aliyefuata. Fundi alirudi nyumbani hajui kama amepata shahidi au adui. Siku zile mbili hakuna aliyekaa juu ya kochi. Walikaa kwenye mkeka, makochi yanawatazama.

Jumatano afisa alifika na shali lake. Mama Dawa akafika na gari la mizigo na wabebaji wanne, na sasa ile hasira aliyoikalia dukani ikasimama. Aliingia bila hodi.

"Haya ni yangu!" akasema, anapiga migongo ya makochi kwa kiganja. "Hili, na hili, na hili! Nimelipa pesa yangu ya jasho nitengenezewe kitu kipya, kumbe nimewatengenezea watu wengine pa kujinyoosha! Hebu tazama, tazama huku! Nani kaandika hapa?"

Kwenye mkono wa kochi la kijivu kulikuwa na mstari wa kalamu, mwembamba, urefu wa kidole. Binti akasogea mbele.

"Ni mimi. Nilikuwa najisomea mtihani, usingizi ukanichukua."

"Juu ya kochi langu!"

"Ndiyo. Nisamehe, mama."

"Hata meza huna?"

"Sina."

Mama Dawa aliuondoa mkono kwenye kochi. Afisa alikuwa anaandika tu, haraka haraka, maana katika kazi yake yote hakuna shahidi aliyewahi kutoa ushahidi kwa uchungu kiasi kile. Mtu aliyepangwa hawezi kukasirika hivyo.

"Beba," Mama Dawa akawaambia wabebaji. Wakabeba. Mlangoni Fundi akashindwa kujizuia, mnamjua. "Mama, ungeweza kukataa. Kwa nini umekuja?"

"Nimekuja kuchukua mali yangu," akajibu. "Na sitamtuma mtu tena kwako, wala mimi sitakuja." Akapanda gari. Alikuwa anasema kweli. Tangu siku hiyo hakurudi, na wale aliowaleta wakapungua mmoja mmoja, na Fundi akaanza kukarabati viti vya vibanda vya kusukia nywele, kazi ndogo yenye maneno mengi.

Sebuleni ulibaki mkeka, redio, na alama za miguu ya makochi kwenye saruji. Afisa alizungusha macho. Mkewe Fundi, aliyezoea kuwakaribisha watu kama malkia, alisimama hajui amwambie mgeni akae wapi. Afisa akavua viatu, akaketi mkekani, akamaliza kuandika pale pale. Na mama mtu aliona aibu hata akajifunika uso kwa upande wa kanga, na chozi likamtoka mbele za watu.

Jibu lilikuja Alhamisi. Ruzuku ya ada, yote. Chakula na malazi kwa mkopo na kazi ya maktaba. Hawakupiga vigelegele safari hii. Waliogopa, kwa jinsi mtu aliyeumwa na jibu moja anavyoliogopa la pili. Fundi alimwambia binti alisome tena, kisha akalisoma mwenyewe, kisha akauliza kama ujumbe wa simu unaweza kukosea namba.

Ijumaa alfajiri binti aliondoka na begi moja kwenda kuthibitisha nafasi. Fundi alitaka kumsindikiza, mkewe akamzuia, akasema atawauliza maswali mpaka wamfukuze mtoto. Wakakaa mkekani, simu katikati yao. Fundi hakwenda kazini, chai ilipoa. Kila ilipolia ikawa ni mteja tu, wakamkatia bila salamu. Mchana ukapita. Ilipolia tena, mama mtu aliinyakua kabla ya Fundi.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wengi, viatu na vicheko. "Mama," binti akasema. "Nimeandikishwa. Niko ndani."

"Sema tena."

"Niko ndani, mama."

"Nasikia vibaya," akasema mama, na alikuwa anasikia vizuri kabisa. Akamsogezea mumewe simu, mashavu yao yakagusana. "Sema tena, mwanangu, baba yako naye asikie."