Mafundo Sita ya Uzi Mwekundu

Bi Futi hakuitwa hivyo kwa sababu ya urefu. Alikuwa mfupi, tena mnene. Jina walimpa wateja, kwa ajili ya futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata akila, hata akienda msibani. Miaka arobaini alipima watu, na waliorudi kusema nguo imewabana walikuwa wamenenepa. Aliwaambia hivyo hivyo, usoni.

Kusoma hakujua sana. Jina lake aliliandika kwa jasho. Vipimo vyake viliishi kwenye nyuzi: alikata uzi, akapiga fundo la kiuno, fundo la kifua, fundo la urefu, akaufunga kwenye kitambaa cha mwenyewe. Hakuchanganya hata siku moja. Alimpima mtu mara moja tu. Fundi anayepima mara mbili, alisema, hajiamini.

Aliishi na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Mkubwa alishona, mdogo alipika, akafua na kupiga deki. Na alikuwepo mbwa. Siku Bi Futi alipomleta, kimbwa cha kuenea kwenye kapu la vipande vya vitambaa, mdogo mtu alishika kiuno akauliza, "Na huyu shemeji umemtoa wapi?" Majirani wakacheka, jina likaganda. Sasa Shemeji alikuwa na miaka kumi na miwili, pua imeota mvi, na analala chini ya cherehani kichwa kimelalia kanyagio. Bi Futi alijifunza kukanyaga kwa mguu mmoja ili asimwamshe.

Shida ilianza na sahani. Shemeji aliinusa, akamtazama Bi Futi kama anayeomba radhi, akageuka. Kesho yake vile vile. Nyama ikawekwa juu, akailamba mara moja tu, kwa adabu. Lakini maji! Alikunywa kama aliyetoka kuzima moto. Na yaliyoingia yakatoka: sebuleni, ukumbini, mlangoni kwa mdogo mtu.

"Dada, magoti yangu yamekwisha," mdogo mtu alilalamika, tambara mkononi. "Nimepiga deki mara nne na jua halijafika katikati."

"Ni mzee. Na wewe utazeeka."

"Mimi nikizeeka sitakojoa mlangoni kwa mtu."

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, kijana wa miwani, mpole. Akamtoa damu, akasema figo zinaonekana zimechoka. Akataka kitu kimoja.

"Bibi, nipimie maji anayokunywa. Siku mbili, asubuhi mpaka asubuhi. Utaweza?"

Bi Futi alimtazama kijana kutoka viatuni mpaka kwenye miwani. "Mwanangu, suruali hiyo uliyovaa imepinda mguu wa kushoto. Mimi ndiye unayeniuliza kama naweza kupima?"

Akaweka beseni la majagi mawili karibu na mlango wa nyuma. Akalijaza asubuhi, akalijaza mchana, akalijaza alasiri, kila mara likiwa tupu. Kila jagi, la lita moja, fundo moja kwenye uzi mwekundu. Siku ya kwanza mafundo sita. Siku ya pili sita. Katikati ya hapo alikaa kwenye cherehani, mgongo kwa beseni, akishona sare za shule za bluu, vipande vya uzi vikiruka kila upande, vingine hadi majini.

Mambo mawili aliyaona akayapita. Sakafu ilikuwa kavu. Na Shemeji alikuwa akilamba pale mdogo mtu alipopitisha tambara bichi, akilamba kwa haraka kama anayeiba.

Siku ya tatu Shemeji hakusimama vizuri. Walimbeba kwenye shuka, dada huku, mdogo huku. Daktari akamvuta ngozi ya shingo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama rinda lililopigwa pasi.

"Mbona amekauka? Alikunywa kiasi gani?"

Bi Futi akautoa uzi. "Lita sita. Jana sita, juzi sita."

"Na kukojoa?"

"Sakafu kavu kabisa."

Kijana alivua miwani. "Bibi, lita sita haziwezi kuingia kwa mbwa huyu zisitoke. Mambo ni mawili. Ama kipimo kimekosewa, ama figo zimefunga. Zikifunga namna hii, hakuna dawa. Ni kumchoma sindano apumzike, asiteseke."

Mdogo mtu alikuwa kwenye benchi, kamba ya mbwa mkononi, anatazama vidole vya miguu yake.

"Kipimo hakijakosewa," Bi Futi alisema.

"Una hakika, bibi? Kwa sababu kila kitu kinategemea—"

"Nimesema hakijakosewa."

Daktari akashusha pumzi. Akawaambia wakae naye siku hiyo, wamlete kesho asubuhi. Wakamrudisha kwenye shuka ile ile.

Nyumbani, Bi Futi alitoka nyuma akae peke yake kwenye ngazi. Hakutaka kulia mbele ya mtu. Pale ngazini palikuwa na kopo kubwa la maua la mdogo mtu, maua aliyoyalea kama watoto. Majani yalikuwa ya njano, yamelala. Alidhani yamekosa maji. Akatia kidole. Kidole kikazama kwenye tope.

Akainama karibu. Juu ya udongo palikuwa na vipande vya uzi wa bluu. Na nywele, fupi, za kahawia, zingine za mvi.

Alikaa hapo mpaka mguu ukafa ganzi.

"Njoo hapa," aliita.

Mdogo mtu akaja akijifuta mikono. Akaona kidole chenye tope. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mara ngapi?"

"Dada..."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Kila ulipokaa kwenye cherehani. Nilimwaga, nikamwachia kidogo. Nilidhani akinywa kidogo atakojoa kidogo. Magoti yangu, dada. Hukuwahi hata siku moja kushika tambara."

"Ungeniambia nishike tambara!"

"Nilikuambia. Ulisema na mimi nitazeeka."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Futi alilimeza. Lakini lilikuwepo jingine lisilomezeka.

"Pale kwa daktari ulikuwa umeshika kamba yake. Umesikia sindano. Umenisikia nasema kipimo hakijakosewa. Ukanyamaza."

Mdogo mtu akaanza kulia. "Niliogopa ungenidharau mbele ya yule kijana."

"Kwa hiyo ukaniacha mimi nimuue kwa mdomo wangu."

Hakungoja jibu. Alijaza beseni, akalipeleka puani mwa Shemeji, akakaa sakafuni naye mpaka akaacha kunywa. Kisha akamfunga kwenye shuka na kumbeba mgongoni mwenyewe, kama mtoto, njia nzima, akipumzika kwenye kila ukuta.

Daktari alikuwa anafunga mlango.

"Kipimo changu kilikosewa," Bi Futi alisema. Maneno hayo mdomo wake haukuwahi kuyatoa. "Maji yalimwagwa. Hakuyanywa."

"Nani aliyamwaga, bibi?"

"Hayo ni ya nyumbani kwetu. Mtundikie dripu."

Alitundikiwa. Siku mbili baadaye Shemeji alisimama, akala kiganja cha wali na yai, bila chumvi. Figo bado zimechoka, daktari alisema, lakini muda anao, mradi maji yasikosekane kamwe. Bi Futi alipima upya, beseni likiwa miguuni pake. Mafundo matatu. Tambara nalo alilishika mwenyewe, akipiga deki vibaya, akiacha mistari, na mdogo mtu hakuthubutu kuirudia sakafu nyuma yake.

Walisalimiana. Walikula meza moja. "Chumvi," "Hii hapa," hivyo.

Mwisho wa mwezi mdogo mtu alileta kitambaa cha gauni, cha maua madogo. Alisimama mbele ya cherehani kama kawaida, mikono imeinuliwa kidogo. Bi Futi alivua futi shingoni. Akapima mabega, akapiga fundo. Akapima kiuno, akapiga fundo.

Kisha akarudi mabegani, akapima tena.

Mdogo mtu aliiona futi ikirudi. Chini ya cherehani Shemeji alikuwa anakunywa, ulimi ukipiga maji polepole. Mdogo mtu akautazama ukuta, akaiacha mikono yake juu, na dada yake akapima kiuno mara ya pili.