Ukuta wa Mama Kadidja

Mume wangu Mahmoudi ni komisioneri, yaani mtu wa kuwatafutia wengine nyumba za kupanga na viwanja vya kununua. Nusu ya mtaa wetu wa Mangobo inalala katika vyumba alivyovitafuta yeye, na sisi wenyewe tunapanga. Mganga hajigangi, huwa ninamwambia, naye huguna tu na kuendelea kupangusa viatu vyake, ambavyo vimepinda upande mmoja kwa kutembea.

Mwaka huu likaja neno la kibali cha kazi hiyo. Asiye nacho asimwonyeshe mtu nyumba, akionekana atakamatwa. Wenzake vijana walikimbilia kuendesha pikipiki. Mahmoudi hana kazi nyingine anayoijua, na magoti yake hayataki kujifunza. Basi akaanza safari za ofisini. Leo mkubwa hayupo, kesho umeme umekatika, kesho kutwa picha zako hazifai, kapige nyingine. Alikuwa akirudi anakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nilichoka kumuuliza, naye alichoka kuulizwa. Mwishowe kilibaki kitu kimoja tu: awe na ofisi yenye anwani na kibao, mkaguzi aje aione kwa macho.

Jirani yetu Mama Kadidja, mjane ambaye mimi humwita Kadidja tu, akampangisha chumba chake cha mbele kinachotazama barabara. Mahmoudi akapigilia kibao, akaazima meza na viti. Siku hiyo nilimwona akitabasamu, nikashukuru Mungu.

Kisha Kadidja akaenda msibani Banalia. Aliporudi akasikia kwamba kaka yake alileta mnunuzi kupima kiwanja wakati yeye hayupo. Nyumba ni ya marehemu baba yao, na Kadidja hana kwingine pa kulaza wanawe. Hakungoja. Akachukua rangi nyekundu, akaandika ukutani kama wanavyofanya watu wote wa hapa wanapoogopa nyumba zao kuuzwa kwa siri:

HII NYUMBA HAIUZISHWE. MUJICHUNGE NA BAKOMISIONERI.

Yaani haiuzwi, na watu wajihadhari na makomisioneri. Maneno hayo akayaandika pale penye nafasi, kando ya kibao cha mume wangu. Tena aliyemfundisha ni Mahmoudi huyohuyo. Kila mjane anayemjia humwambia, andika mapema, maana mnunuzi mwenye akili akiona maandishi hukimbia.

Asubuhi yake mkaguzi akafika. Akasoma kibao cha ofisi, akasoma ukuta, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Papa, bureau yako inakimbiza batu! Bon. Nyumba ya matata siwezi kuandika. Futa ile maneno, nitarudia vendredi. Nikikuta ingali, dossier yako inakufa."

Yaani nyumba yenye ugomvi haandikishi, na maneno yasipofutwa hadi Ijumaa, faili la kibali limekwisha. Hakuwa amefika hata njia panda nilipokwenda kutafuta chokaa. Nilirudi na ndoo na brashi. Kadidja alisimama mlangoni, macho chini.

"Futa tu, Papa Mahmoudi," akasema. "Nitaandika tena kisha."

Kaka yake alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa muuza vocha, pamoja na yule mnunuzi. Wanatutazama, wala hawajifichi.

Mahmoudi akachovya brashi. Akasimama mbele ya ukuta, chokaa ikimdondokea viatuni.

"Nuru, mi nachoka," akaniambia. "Nachoka mbaya. Lakini hii ikifutwa leo, leo jioni bataiuzisha."

"Na sisi tutakula nini? Tutakula ukuta?"

Nilisema kwa sauti, na barabara nzima ilisikia. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, kwa sababu tulikuwa tumekaribia kabisa. Yeye akarudisha brashi ndani ya ndoo, akaomba nyundo, akaanza kung'oa kibao chake. Misumari ilikuwa mirefu. Nikamshikia kiti asianguke, maana nikimwacha aanguke atauguzwa na nani kama si mimi?

Kadidja alilia. Ng'ambo ya barabara yule mnunuzi alimwambia kaka yake neno, akaondoka peke yake.

Ijumaa mkaguzi alikuta ukuta umeandikwa na chumba kitupu. Mahmoudi alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga, kujitafutia chumba kingine cha ofisi. Huko alipokewa na komisioneri mwenye kibali kipya mfukoni, ambaye alimwambia atoe kwanza pesa ya kutembezwa kuonyeshwa vyumba. Akatoa, akamfuata nyuma.